Mume wangu analia kila akitazama filamu ya gereza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mke na mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini, na ndoa yangu ina miaka 17. Mume wangu ana miaka 47, ni mtunza ghala, mtu mkimya, hanywi na hana ugomvi na mtu. Sina malalamiko naye ya pesa wala ya wanawake. Kinachonisumbua utakiona kidogo, lakini mimi kinaninyima usingizi.

Kuna filamu moja ya Kimarekani ya zamani inaitwa The Shawshank Redemption. Anayo kwenye flashi. Kila baada ya miezi miwili mitatu, watoto wakishalala, anaichomeka kwenye televisheni na kuitazama peke yake mpaka mwisho. Na kila mara analia. Si machozi ya kufuta kwa kiganja yakaisha. Ni kilio cha mabega kutikisika, ameziba mdomo kwa shuka asisikike. Mara ya kwanza nilidhani amepigiwa simu ya msiba.

Nimejaribu kukaa naye nione ni nini. Naona wanaume wamefungwa, askari wakali, kuta za mawe, na maneno mengi ya Kiingereza ninayoyapata nusu nusu. Kuna mzee mmoja mwenye kunguru, anatolewa gerezani halafu anajinyonga. Hapo huwa naondoka kwenda kulala kwa sababu sipendi mambo ya vifo usiku. Lakini usiku mmoja nilitoka kunywa maji, nikamkuta ndiyo analia hasa, na kwenye kioo hapakuwa na kifo wala kipigo. Alikuwepo mzee mweusi anafunga bidhaa za wateja kwenye mifuko dukani, anazungumza na bosi wake. Basi. Nikajiuliza, hapa pana nini cha kumliza mtu mzima?

Nilipomuuliza alijibu, "Ni filamu tu, Mama Salma." Tangu hapo nikaanza kuwaza mabaya. Kuna miaka miwili kabla hajanioa aliishi Mombasa, na habari zake za huko hazinyooki. Je, aliwahi kufungwa akanificha? Wifi yangu yeye anasema kaka yake ana jini, apelekwe akasomewe.

Shangazi, na mimi nimefanya kosa. Mwezi uliopita kwenye kikundi chetu cha vikoba nilisimulia habari hii kama kichekesho, wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akamfikishia mumewe, mumewe akaipeleka kwenye kijiwe cha kahawa, wakaanza kumwita mume wangu "mfungwa". Alirudi nyumbani hakunitukana wala hakunipiga. Alichomoa flashi, sijui ameificha wapi, na sasa analala ameelekea ukutani.

Nikueleze na hili usije ukadhani amelelewa vibaya. Baba yake alifanya kazi miaka 36 kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, kiwandani. Alipostaafu alihamia kwetu, akakaa nasi hadi alipofariki mwaka 2016. Alikuwa mzee wa adabu za ajabu, hata kwenda msalani aliniaga kwanza: "Mama, naomba nitoke kidogo." Watoto walikuwa wakimcheka. Na kila siku, saa kumi na nusu alfajiri, alikuwa ameshavaa buti zake, amekaa kwenye benchi nje, anasubiri, sijui alikuwa anasubiri nini. Mume wangu alimtunza vizuri hadi mwisho, na mazishini alisimama imara, hakutoa chozi. Ndiyo maana sielewi. Zamani tulipokuwa wachumba niliitazama naye filamu hiyohiyo kwa rafiki yake, na hakulia. Alishangilia yule jamaa alipotoroka. Mtu asiyemlilia baba yake mzazi, vipi leo anamlilia Mmarekani wa kwenye kioo?

Nifanyeje?

Mama wa Watatu, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Jibu la swali lako la mwisho nadhani umeliandika mwenyewe, mistari michache juu yake, bila kujua. Nitafika huko. Kwanza nikutoe hofu ya Mombasa.

Kumlilia mfungwa wa kwenye filamu si dalili kwamba mtu aliwahi kufungwa. Filamu hiyo imewaliza watu wasiowahi hata kupita karibu na lango la gereza. Ilitoka Marekani mwaka 1994, mwongozaji wake ni Frank Darabont, na ilitokana na hadithi ya Stephen King ya mwaka 1982. Kwenye majumba ya sinema ilianguka: iligharimu dola milioni 25 hivi, na mzunguko wa kwanza ukarudisha kama milioni 16 tu. Ikatajwa kuwania tuzo saba za Oscar, haikuambulia hata moja. Iliyoiinua ni sebule za watu. Walikodi kanda wakaenda nazo nyumbani, na kuanzia 1997 chaneli moja ya televisheni ya kule, TNT, ikawa inairudia kila mara. Mtu amejilaza kochini baada ya kazi, anaikuta imeshafika katikati, na hainuki tena mpaka iishe. Tangu mwaka 2008 ndiyo imekalia nafasi ya kwanza kwenye orodha ya tovuti ya filamu ya IMDb, inayopangwa kwa kura za watazamaji wenyewe. Lile jengo ilimopigwa, gereza la zamani la Mansfield katika jimbo la Ohio, lilifungwa mwaka 1990, na leo watu wanatoa kiingilio kwenda kutembea katika selo zake. Wengi walikuwa wakienda pia kuutazama mwaloni mmoja tu wa shambani unaoonekana mwishoni, mpaka ulipopasuliwa na radi mwaka 2011 na kuangushwa na upepo mwaka 2016.

Kwa hiyo mumeo ana wenzake wengi, na wengi wao ni wanaume wa rika lake.

Sasa, kwa kuwa huwa unaondoka pale kwa mzee wa kunguru, hadithi yenyewe hujaipata, na bila hiyo hutamwelewa mumeo. Vijana wanaipenda kwa sababu ya kutoroka. Andy, ofisa mkubwa wa benki, anahukumiwa mwaka 1947 vifungo viwili vya maisha kwa kumuua mkewe na hawara wake, kosa ambalo hakulitenda. Anatoboa ukuta usiku kwa usiku kwa kinyundo kidogo anachokificha ndani ya Biblia, tundu analiziba kwa picha ya mwigizaji mrembo, na baada ya miaka 19 anatoka kwa kutambaa ndani ya bomba la maji machafu. Ndiyo maana mumeo alishangilia alipokuwa mchumba wako. Kijana huyo ndiye shujaa wake.

Lakini hadithi haisimuliwi na Andy. Inasimuliwa na rafiki yake Red, ndiye huyo mzee mweusi uliyemwona dukani, ameigizwa na Morgan Freeman. Red aliua kweli, na hakatai. Hatoboi ukuta. Kazi yake gerezani ni kuwatafutia wenzake vitu kwa siri, na matumaini anayaogopa, anaona yanamtia mtu wazimu. Kila baada ya miaka kumi anaitwa mbele ya bodi ya parole, wale wanaoamua kama mfungwa aachiwe kabla ya muda wake, anasema amebadilika, wanampigia muhuri wa kukataliwa, anarudi ndani. Mimi naamini hapa ndipo siri ya filamu ilipo, na sikubaliani na wanaosema ni filamu ya mtu aliyewashinda askari akili. Wanaotoboa kuta duniani ni wachache. Sisi wengine ni akina Red, tumebaki ndani ya kitu fulani mpaka tumekizoea, na tunaposikia sauti yake ya taratibu tunasikia mtu wa kwetu.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Yule mzee wa kunguru anaitwa Brooks. Aliingia gerezani mwaka 1905 akatolewa 1954. Ndani alikuwa mtu: ndiye msimamizi wa maktaba, anajulikana, anaheshimiwa. Nje anapewa chumba cha kupanga na kazi ya kufunga bidhaa dukani, magari yanamtisha barabarani, usiku anaamka hajui yuko wapi. Hakuna aliyemfanyia ubaya huko nje. Ila miaka hamsini ya kuamshwa, kulishwa na kuhesabiwa ilikuwa imemwingia mwilini, na uhuru aliopewa haukuwa na pa kuushika. Anachonga jina lake kwenye boriti ya chumba kile, kisha anajitoa uhai. Mimi huanza kulia mapema kuliko mumeo, pale mzee huyo anapomwachia kunguru wake aruke.

Red naye, baada ya miaka 40, siku anayoacha kuwabembeleza wanabodi na kuwaambia ukweli wa majuto yake, ndiyo siku wanayomwachia. Anapewa chumba kilekile cha Brooks na kazi ileile ya dukani. Sasa rudi kwenye usiku uliotoka kunywa maji. Unajua Red alikuwa anamwambia nini bosi wake? Alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda msalani. Bosi anamjibu, kwa wema tu, kwamba hana haja ya kuomba kila mara, aende. Na Red anatusimulia kwamba miaka 40 ameiishi kwa kuomba ruhusa hiyo, na sasa mwili wenyewe umegoma, bila ruhusa haumtoki hata tone.

"Mama, naomba nitoke kidogo."

Umeona, mwanangu? Ulidhani ni adabu, na watoto wakacheka kwa sababu ni watoto. Silaumu. Lakini mumeo alikuwa humo humo nyumbani, na nadhani alikuwa anajua. Mtoto wa kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, bila shaka alijua kiwandani kazi inakwendaje. Mtu anayelisha majani ya mkonge kwenye mashine haiachi ikizunguka akaenda anakotaka. Anainua mkono, anasubiri nyapara amtikisie kichwa. Kiswahili chetu kimelitumia neno hilo moja mahali pawili: shambani nyapara ni msimamizi wa kazi, na gerezani ni mfungwa aliyepewa kuwasimamia wenzake. Sisemi shamba la mkonge ni jela. Wazee wetu walifanya kazi pale kwa ujira, walijenga, walisomesha, na mumeo ni tunda la jasho hilo. Nasema tu kwamba miaka 36 ni mingi, na kuna kitu mzee alitoka nacho kiwandani ambacho hakikuandikwa kwenye barua yake ya kustaafu. Zile buti za alfajiri, lile benchi, kule kusubiri usikokujua, vyote ni kimoja.

Filamu imewekewa namna ya kumwokoa Red. Kwenye boriti anaona jina la Brooks, na angeweza kumaliza vilevile. Kinachomtoa ni ahadi aliyompa Andy: akitoka, aende kwenye shamba moja huko Buxton, chini ya mwaloni, achimbue alichofichiwa. Anakuta barua na nauli ya kumfikisha kwa rafiki yake, pwani ya Mexico. Kwa hiyo tofauti ya wale wazee wawili, wa chumba kimoja na kazi moja, ni kwamba wa pili alikuwa na mtu anayemsubiri.

Na hapa ndipo ninapodhani panamuuma mumeo. Yeye alimsubiri baba yake. Alimfungulia mlango, alimpa kitanda, wajukuu, chakula cha moto, mkwe mwema kama wewe. Na bado kila alfajiri mzee alikuwa kwenye benchi na buti zake. Alimtoa baba kambini, akashindwa kuitoa kambi ndani ya baba. Kila akitazama filamu ile anamwona mzee aliyefika pwani, rafiki yake anamwona kwa mbali na kuacha kazi aliyoshika, na wake hakufika. Naweza kuwa nimekosea, simjui mumeo, nimekusoma wewe tu. Lakini umeniambia zamani hakulia na siku hizi analia, na katikati hapo kuna kaburi moja.

Usishangae hakulia mazishini. Msiba wetu humpa mtoto wa kiume kazi nyingi: kutafuta sanda, kusimamia kaburi, kupokea wageni, kuhesabu rambirambi, kujua wali umetosha au haukutosha. Akimaliza, watu wameshatawanyika, na hakuna anayekuja baada ya arubaini kumwambia sasa ni zamu yako, lia. Mumeo amejitafutia mahali pa kulilia. Sebule yake mwenyewe, taa zimezimwa, ndani ya hadithi ya watu wa mbali ambao hakuna jirani atakayewaunganisha na ukoo wake. Hakumsumbua mtu.

Ndiyo maana lile la vikoba ni zito kuliko unavyolihesabu. Ulipeleka mahali pake pa siri barazani, na wanaume wenzake wakapachapa jina. Usimwombe radhi kwa kumpikia pilau akatakiwa aelewe mwenyewe. Neno litoke mdomoni, mkiwa wawili: nilikisimulia kilio chako mbele za watu, nilikosea, nisamehe. Usiongeze "lakini na wewe hukuniambia". Halafu rudi kwenye kikundi chako, mbele ya walewale waliocheka, useme kwamba ulisema jambo la mume wako usilolielewa na hutaki kulisikia tena. Litakuchoma. Fanya hivyo hivyo. Jina la kijiweni litakufa taratibu likikosa wa kulilisha, na hasa likijulikana kuwa mkewe halichekei.

Wifi yako mwambie ahsante. Dua si mbaya, na mumeo akitaka kusomewa aende kwa miguu yake. Kumpeleka mtu kama mgonjwa kwa kuwa amemkumbuka baba yake, hapana.

Mombasa iache. Siku ukitaka kuuliza, uliza kuhusu Mombasa kama Mombasa, mchana, mkinywa chai, usiifunge na machozi haya.

Kuna jambo moja nataka ulishike kwa makini. Kulia kwenye filamu mara nne tano kwa mwaka hakunitishi. Kunyamaza kunanitisha zaidi. Ukiona hali chakula, usingizi umekata wiki baada ya wiki, ameacha vitu alivyovipenda, au anasema maneno ya kwamba hana faida, kwamba bora asingekuwepo, usisubiri wala usiogope kumuuliza wazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Nendeni pamoja hospitalini, mwambieni daktari hivyo hivyo, bila kupunguza neno. Na mwenyewe usimwache peke yake.

Kama hajafika huko, na natumaini hajafika, subiri flashi irudi. Itarudi. Siku hiyo kaa naye, na safari hii usiondoke kwa Brooks. Kiingereza kisikusumbue. Humo ndani kuna mahali Andy anajifungia ofisini na kuweka santuri kwenye vipaza sauti vya gereza zima, wanawake wawili wanaimba kwa Kiitaliano, kazi ya Mozart, na wafungwa wote uani wanasimama wameinua vichwa. Hakuna anayeelewa hata neno, na Red anasema hataki kujua wanaimba nini. Andy alilipia santuri ile kwa wiki mbili za chumba cha giza, na akatoka akisema zilikuwa nyepesi. Hapo utakuwa sawa na wale waliosimama uani.

Mkifika dukani, Red akimwendea bosi wake, usimgeukie mumeo kumtazama usoni. Tazama mbele. Filamu ikiisha usiwashe taa haraka, wala usimuulize kwa nini analia, hilo ulishauliza akakujibu. Muulize kengele ya kule kambini ilikuwa ikigongwa saa ngapi, na nani alikuwa akiigonga. Akianza kusema, mwache aseme mpaka achoke, hata kukikucha.